Mgeni wako wa Meru hajalalamika: maana ya "hell" nne kwenye ujumbe wake

Habari za kazi, mkuu. Nimeusoma uzi wako tangu mwanzo na nimeona nisiende kulala kabla sijaandika, kwa sababu kuna mdau hapo juu amekushauri umrudishie mgeni malipo yake ya awali ya Kilimanjaro na umwombe radhi. Nakuomba usifanye hivyo.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada ni muongoza watalii Arusha. Alimpandisha Mmarekani mmoja Mlima Meru, mgeni akafika kileleni, akarudi kwao salama, na wiki moja baadaye akatuma ujumbe huu, naunukuu kama ulivyo: "That was one hell of a climb. Cold as hell up there, and my knees still hurt like hell. My wife says I'm done with mountains. Like hell I am. See you on Kili next year." Mleta mada amehesabu "hell" nne, akakumbuka kwamba shuleni tuliambiwa hell ni jehanamu, akaona mgeni amekasirika na ameachana na milima. Ule mstari wa kuonana mwakani ameuchukulia kama kejeli.

Mkuu, huyo ni mtu mwenye furaha. "Hell" zote nne ni za mazungumzo, hakuna hata moja inayozungumzia jehanamu, lakini kila moja ina kazi yake, na ile ya nne ndiyo iliyobeba uamuzi wake kuhusu Kilimanjaro. Nitakueleza nilivyojifunza mimi, maana darasani sikufundishwa, na kosa lako nimelifanya mimi mwenyewe nikiwa nimemshikia mtu taulo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifika Oakland, California, mwaka 2011, na kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kuwaamsha, kuwaogesha, kuwalisha, kuwasikiliza, na mwisho wa zamu kuandika taarifa ya kila mzee. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu, na nilijiamini nacho. Mle ndani alikuwemo mzee mmoja aliyetumia ujana wake wote kupakua mizigo bandarini. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha, na kila asubuhi nikimsalimia alijibu kwamba "it hurts like hell". Siku mbili tatu nikawa nimelielewa neno: linamuuma sana. Nikaliweka kichwani kwamba "like hell" ni "sana", basi, nikaona nimemaliza somo.

Asubuhi moja nikamwambia kwamba muuguzi amesema leo anaoga mapema. Alikuwa ameelekea dirishani, hakugeuka hata, akasema taratibu, "Like hell I am." Nikapiga hesabu yangu pale pale. "I am" ni ndiyo, "like hell" ni sana. Kwa hiyo mzee amekubali, tena kwa moyo wote. Nilifurahi kweli, kwa sababu wenzangu walikuwa wameniambia ni mgumu wa kuoga. Nikafungulia maji, nikayapima kwa kiwiko kama mama alivyokuwa anayapima ya mtoto, nikatandika taulo juu ya kipasha joto ili lipate uvuguvugu, nikasogeza kiti cha magurudumu mpaka ubavuni mwa kitanda. Mzee akanitazama mimi, akalitazama taulo, kisha akashika chuma cha pembeni mwa kitanda kwa mikono yote miwili. Vidole vilikuwa vyeupe pe kwa kukaza. Hakupiga kelele. Nami nimesimama na taulo langu, sijui nimekosea wapi, maana amekubali mwenyewe sekunde chache zilizopita.

Aliyeniokoa ni dada mmoja Mfilipino, mkongwe wa kazi ile. Alinivuta kando akaniambia kwamba "like hell" ikitangulia sentensi, mzee amekataa, na amekataa kuliko angesema "no".

Nilikaa na jambo lile siku nzima. Jioni nikiwa kwenye basi ndipo likanijia: ni "thubutu" ya bibi yangu. Bibi ukimwambia daktari amemkataza chumvi, anajibu, "Thubutu!" Neno lenyewe kwenye kamusi lina maana ya kuwa na ujasiri wa kufanya jambo, lakini bibi akilitamka peke yake, kwa mkazo ule, hakuna mtoto ndani ya nyumba aliyedhani amekubali. Na hiyo "thubutu" haiji hewani hivi hivi, lazima pawe na kauli ya mtu mwingine inayopigwa chini. Daktari amesema hivi, thubutu. Muuguzi amesema unaoga. Like hell I am. Mke wangu amesema nimeachana na milima. Like hell I am.

Hapo, mkuu, ndipo penye jibu lako. Tazama ujumbe unavyokwenda: kauli ya mke kwanza, halafu "like hell" inaanza, halafu maneno mawili matatu yanayoirudia ile kauli. Ukiikuta imekaa hivyo, isome kama kukanusha. Mtu akisema amelipa na mwenzake akajibu "Like hell you did", anaambiwa hajalipa na asidanganye watu. Wakati mwingine "like" yenyewe inaangushwa, mtu anasema tu "The hell I will", na maana ni ile ile ya sifanyi ng'o. Lakini "like hell" ikija nyuma ya kitenzi, kama kwenye magoti ya mgeni wako, inarudi kuwa sana: kukimbia sana, kuuma sana, kufanya kazi sana. Maneno ni yale yale mawili. Mahali yalipokaa ndiko kunakogeuza ndiyo kuwa hapana, na wewe ulitaka kurudisha fedha kwa sababu hiyo.

Kwa kusikia kwa sikio ni rahisi zaidi kuliko kwa kusoma. Mtu anayekanusha huikazia "hell" yenyewe kisha sauti inashuka na kufunga mlango. Kwenye ujumbe wa simu sauti hakuna, ndiyo maana nasema tazama nafasi.

Kuna tukio moja la historia nalipenda sana kuhusu neno hili, linaonyesha jinsi lilivyo karibu na kukataa na kung'ang'ania. Oktoba 25, 1962, dunia ikiwa roho juu kwa ajili ya makombora ya Kisovieti yaliyopelekwa Cuba, balozi wa Marekani kwenye Umoja wa Mataifa, Adlai Stevenson, alimbana balozi wa Kisovieti, Valerian Zorin, mbele ya Baraza la Usalama. Akamtaka ajibu ndiyo au hapana kama makombora yapo, na asisubiri tafsiri. Zorin alipokwepa, Stevenson akamwambia yuko tayari kusubiri jibu "until hell freezes over", yaani mpaka jehanamu igande barafu. Sisi tungesema mpaka jua lichomoze magharibi. Alikuwa mwanadiplomasia mwenye suti, ndani ya ukumbi rasmi kuliko kumbi zote, na "hell" ikatoka mdomoni mwake kwa kishindo. Mimi huwa namfikiria mkalimani aliyekuwa kwenye kibanda chake siku ile, ana nusu sekunde ya kuamua aseme nini kwa Kirusi.

Turudi Meru. "Cold as hell." Wadau wawili wameuliza, jehanamu si moto, sasa baridi imetoka wapi? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalofungua mengine yote. Zamani ilikuwa ni kufananisha kwa kawaida: "as hot as hell", joto kama la jehanamu, na hapo mantiki ipo. Kwa kutumiwa sana, ile "as" ya kwanza ikadondoka, ikabaki "hot as hell", na watu wakazoea kusikia kwamba "as hell" ni mkia tu wa kukuza neno lililotangulia. Mkia ukishazoeleka unabandikwa popote. Cold as hell. Tired as hell. Funny as hell, mtu anayechekesha kweli kweli. Moto wake umeshazima, limebaki kishindo. Mgeni wako aliondoka Saddle Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, mita 3,570 kutoka usawa wa bahari, usiku wa manane, kuelekea kilele cha mita 4,566. Baridi ya hapo wewe unaijua kuliko mimi. Anachokuambia ni kwamba ilikuwa baridi ya kutetemesha meno, na anajivunia kuwa aliivumilia.

Na sisi tunafanya hivyo hivyo kila siku bila kujiuliza. Pilau tamu balaa. Balaa ni neno la Kiarabu, ni mtihani, ni msiba unaomshukia mtu, lakini ukimsifia mpishi kwamba pilau lake tamu balaa atakuongezea sahani. Binti mzuri hatari. Nimechoka vibaya. Ndugu zetu Wakenya wanakwambia kitu ni kizuri mbaya, na wanaelewana. Lugha ikitaka kukuza kitu inakwenda kuazima kwenye maneno ya kutisha, kwa sababu ndiyo yenye uzito, halafu kwa kuazimwa kila siku kitisho kinaisha na uzito unabaki.

Lakini hapa nitakutahadharisha, maana hapa niliumia. "Hell" ya Kiingereza cha mitaani imeshapoa. "Jehanamu" ya Kiswahili haijapoa, angalau nyumbani kwetu. Septemba 1, 2017 eneo letu lilipigwa na joto ambalo halijazoeleka. San Francisco, mji wa ukungu na makoti, ulifika nyuzi 41 za Selsiasi, rekodi ya jiji lile. Nyumba nyingi huku hazina viyoyozi. Nilikuwa nimekaa mlangoni na ndoo ya maji miguuni, nikamtumia mama ujumbe wa sauti: mama, leo kuna joto kama jehanamu. Nilikuwa nimefikiri kwa Kiingereza na kutamka kwa Kiswahili. Mama alijibu baada ya sala ya Isha. Akasema, "Mwanangu, moto wa Jehanamu haufananishwi na jua la duniani. Sema kuna joto kali, Mwenyezi Mungu akunusuru." Hakunigombeza, na sauti ile ya upole ndiyo iliyonichoma. Kwake Jehanamu ni mahali anapoomba kila siku asipelekwe, yeye na watoto wake. Mimi nilikuwa nimepafanya kipimajoto.

Ndiyo maana naudhika nikiona tafsiri za filamu zinazoandika "nini kuzimu" kila mhusika anaposema "what the hell". Mtu ameshangaa tu, anauliza "kulikoni?" au "nini tena hiki?", na mtafsiri anampeleka kuzimu. Tena kuzimu na Jehanamu ni vitu viwili. Kuzimu ni neno letu la Kibantu, kwa wafu, kunakotajwa pamoja na mizimu. Jehanamu imetujia kupitia Kiarabu, na chimbuko lake ni bonde la Hinomu lililo kando ya Yerusalemu. "Hell" nayo ni neno la kale la jamii ya lugha za Kijerumaniki, ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, lenye mzizi wa kufunika na kuficha, na watafsiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walilitumia kwa maneno ya asili yaliyo tofauti, yale ya makao ya wafu na lile la bonde la moto. Kwa hiyo hata likiwa zito, kulileta kwa Kiswahili kunahitaji kuchagua. Likiwa jepesi, kama la mgeni wako, liache kabisa hilo la moto na utafute la kwetu lenye uzito unaolingana.

Na tunayo mengi mno, jamani. Sijui kwa nini mtu anayetafsiri "tired as hell" ahangaike na kuzimu wakati Kiswahili kina "amechoka hoi". Kulewa kuna chakari yake. Kulowa kuna chapachapa, kulala kuna fofofo, giza lina totoro, kujaa kuna pomoni. Kiingereza kinabandika mkia mmoja kwenye kila kitu. Sisi tuna mkia kwa kila mnyama. Huwezi kusema amelala chakari wala amelewa fofofo, mtoto wa miaka mitano atakusahihisha. Nikiwa mbali na nyumbani haya ndiyo maneno ninayoyakosa zaidi, kuliko hata mihogo ya nazi.

Sasa "one hell of a climb". Hii ndiyo imewachanganya wengi humu, kwa sababu inaweza kuwa sifa au lawama. "Hell of a" inasema kitu kimepita kimo cha kawaida cha aina yake. Kimepita kwa uzuri au kwa ubaya, hilo linaamuliwa na neno linalofuata na hali ya msemaji. Ukimwita mtu "one hell of a cook", umemsifu. Ukisema umekuta "one hell of a mess", umekuta vurugu. Kiswahili chake nakipenda: na nusu. Mpishi na nusu. Mwanamume na nusu. Mtu wako amepanda mlima na nusu. Na kwa kuwa anataka kurudi, hakuna namna ya kuisoma ila sifa, na sifa nyingine ni yako uliyemfikisha.

Watu wanaoona haya ya kutamka "hell" huigeuza "heck", na hapo inakuwa safi mbele ya watoto na kanisani. Hata viongozi wanajificha humo. Septemba 2, 2005, kimbunga Katrina kikiwa kimeshaizamisha New Orleans, Rais George W. Bush akiwa Alabama alimwambia mkuu wa shirika la serikali la kukabili maafa, Michael Brown, "Brownie, you're doing a heck of a job." Ilikuwa sifa: unapiga kazi hasa. Watu walikuwa bado wamekwama juu ya mapaa. Siku kumi baadaye Brown alijiuzulu, na tangu hapo Wamarekani wengi ukimwambia mtu "heck of a job" anaweza kudhani unamkejeli. Nakueleza hili ili usije ukaiokota ukamwandikia mgeni kama pongezi.

Na kuna mtoto wa "hell of a" aliyezaliwa huku kwetu, "hella". Huyu alinisumbua wiki yangu ya kwanza. Kijana mmoja mzaliwa wa Oakland tuliyekuwa zamu moja alisema nje kuna "hella people", nikatoka kuchungulia nikidhani ni watu wa kundi fulani wanaoitwa Hella. Hawakuwapo. Kulikuwa na watu wengi tu, wanasubiri basi. Kamusi yangu niliyotoka nayo Tanga haikuwa na neno hilo. Ni "hell of a" iliyokatwa mpaka ikawa silabi mbili, na ni alama ya kaskazini mwa California. Ukiitumia Los Angeles wanakujua ulikotoka. Inakwenda mahali ambapo mama yake haendi: mbele ya kivumishi, mbele ya wingi wa watu, hata mbele ya kitenzi, "I hella forgot", nimesahau kabisa. Watoto wadogo wanaambiwa waseme "hecka".

Watu wa huku wanaipenda kiasi kwamba mwaka 2010 mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis alianzisha ombi kwamba "hella" iwe kiambishi rasmi cha kisayansi, kama kilo na mega, kwa namba yenye moja na sifuri 27. Wakati huo kiambishi kikubwa kuliko vyote, yotta, kilikuwa kinaishia kwenye sifuri 24. Kwa kipimo hicho uzito wa Dunia ungekuwa kama hellagramu 6. Google waliiweka kwenye kikokotoo chao mwaka huo huo. Wakubwa wa vipimo hawakukubali. Novemba 2022 nafasi ile ilipewa "ronna". Huku kwetu bado kuna watu wanaona walidhulumiwa, na mimi nikiwa mkazi wa Oakland nipo upande wao.

Zipo nyingine nitazipita haraka. "Hell yeah" na "hell no" ni ndiyo na hapana zilizotiwa nguvu. "Sure as hell" ni hakika, bila shaka yoyote. Ukisikia kitu "scared the hell out of you", kimekutisha mpaka roho imetaka kukutoka. Bosi "from hell" ni bosi wa kukukondesha. Hizo ukizikuta utazitambua.

Kuhusu swali la mdau mwingine, kwamba je, hili ni tusi, na je, muongoza watalii anaweza kulitumia na wageni. Si tusi kubwa, ila si neno la kila mahali. Hollywood mwaka 1927 walilitaja waziwazi kwenye orodha ya mambo yasiyotakiwa kwenye filamu. Leo linasikika hata kwenye vipindi vya jioni, lakini bado wapo wazazi, hasa wa dini, ambao hawataki watoto wao walisikie. Mimi nililipeleka mahali pasipo pake. Mwaka wangu wa pili, nikiwa nimeshajiona mwenyeji, niliandika kwenye taarifa ya zamu kwamba mzee fulani alikuwa "tired as hell". Nilidhani nimeandika Kiingereza cha wenyewe. Muuguzi msimamizi aliniita pembeni, akanionyesha mstari wangu kwa kalamu, akaniuliza kama ningependa daktari, binti wa mzee, na pengine hakimu, wasome maneno yale. Nikayakata kwa mstari mmoja kama inavyotakiwa, nikaandika kwamba mzee alieleza kuwa amechoka na hakumaliza chakula. Alikuwa na haki. Maneno yangu ya kwanza yalisema jinsi nilivyomwona. Ya pili yalimsaidia daktari.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako na kwa wote wanaofanya kazi na wageni: lielewe lote, ulitumie kidogo au usilitumie kabisa. Mgeni akilisema mbele yako amejiona yuko na mwenzake, na hiyo ni heshima. Haikulazimu ulirudishe. Huwezi kujua ujumbe wako atausoma nani mezani kwake, na Kiingereza kisicho na "hell" hakijawahi kumpotezea mtu kazi.

Sasa nikuwekee ujumbe wake wote kwa Kiswahili, kama ningemkalimania mimi:

"Ule ulikuwa mlima na nusu. Kule juu baridi ilikuwa kali ajabu, na magoti bado yananiuma vibaya. Mke wangu anasema mimi na milima basi tena. Thubutu! Tuonane Kilimanjaro mwakani."

Usome mara mbili halafu uniambie kama kuna malalamiko humo. Kuna jambo moja tu la kufanyia kazi, nalo ni magoti. Hilo si la mapambo, maana anasema bado, wiki nzima baada ya kushuka. Mwandikie leo, usingoje kesho, amekaa kimya akisubiri umjibu. Mwambie umefurahi kusikia anarudi. Muulize anafikiria mwezi gani. Muulize magoti yanamuuma zaidi kupanda au kushuka, na kama alitumia fimbo za kutembelea Meru, maana hilo litakusaidia kumchagulia njia na idadi ya siku, na wewe ndiye unayezijua. Na mkewe umsalimie kwa heshima, kwa jina kama unalijua, kwa sababu safari ya mwakani itapita kwanza kwake.